MAPIGO YA MOYO WA MZEE

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Hupiga kwa mwendo mmoja, kama mchi wa mtu anayetwanga bila haraka. Pigo moja, nafasi. Pigo jingine, nafasi ile ile.

Lakini kwa baadhi ya watu, hasa wazee, mwendo huo huvurugika. Moyo hupiga mara mbili upesi, hukawia, kisha hupiga tena mara tatu. Mwenyewe husema, "Moyo unaniruka." Jirani humjibu, "Ni uzee huo, baba." Mwingine humwambia kuwa amerogwa.

Majibu hayo yote mawili ni ya hatari. Moyo unaopiga ovyo unaweza kuleta kiharusi, yaani ugonjwa wa kupooza upande mmoja wa mwili. Mtu aliyelala mzima anaweza kuamka hawezi kuinua mkono wala kutamka jina la mkewe. Tena kiharusi cha namna hii mara nyingi huweza kuzuiwa, kama mapigo mabaya yamejulikana mapema.

Katika miaka ya karibuni wataalamu wamegundua jambo jipya juu ya moyo wa wanaume wazee. Wameona kuwa damu ya mwanaume hubadilika anapozeeka, na mabadiliko hayo yanaweza kuudhuru moyo. Leo tutaeleza jambo hilo. Kisha tutaeleza jinsi ya kupima mapigo kwa vidole viwili, bila kulipa hata senti moja.

MOYO UNAVYOFANYA KAZI

Moyo una vyumba vinne. Viwili viko juu na viwili viko chini. Vyumba vya juu hupokea damu na kuishusha chini. Vyumba vya chini huisukuma damu kwenda mapafuni na mwili mzima.

Kazi hii huongozwa na umeme mdogo unaotoka ndani ya moyo wenyewe. Umeme huo huanzia chumba cha juu upande wa kulia. Husambaa katika vyumba vya juu, navyo hubana. Kisha hushuka chini, na vyumba vya chini hubana. Hilo ndilo pigo moja la moyo. Ni kama mpiga ngoma mmoja anayeongoza wachezaji wote.

Katika ugonjwa tunaousema, mpiga ngoma huyo hasikiki tena. Umeme huzuka huku na huku katika vyumba vya juu. Badala ya kubana vizuri, vyumba hivyo hutetemeka tu, zaidi ya mara 300 kwa dakika. Vyumba vya chini hupata amri zisizo na mpango. Ndiyo maana mapigo huwa ovyo.

Sasa angalia hatari yake. Maji ya mto unaotembea hayaoti ukoga. Maji yaliyotuama huota. Damu nayo ni hivyo hivyo. Chumba cha juu kisipobana, damu hutuama pembeni na kuganda. Donge la damu likichomoka, huchukuliwa na mkondo hadi kichwani. Huko huziba mshipa wa ubongo. Sehemu ya ubongo inayokosa damu hufa. Hicho ndicho kiharusi. Mtu mwenye mapigo ya namna hii yuko katika hatari ya kupata kiharusi kadiri ya mara tano kuliko asiye nayo.

MAANDISHI YA URITHI

Kwa nini moyo wa mzee huharibika hivi? Ili tuelewe ugunduzi mpya, lazima kwanza tujue kitu kimoja kilichomo katika mwili.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana ambazo hazionekani kwa macho. Shuleni huitwa seli. Ndani ya karibu kila chembe kuna nyuzi 46 za urithi. Nyuzi hizo huitwa kromosomu. Nusu yake tumepewa na baba na nusu na mama. Katika nyuzi hizo mna maagizo yote ya mwili, kama maandishi katika kitabu. Ndiyo yanayofanya mtoto afanane na wazazi wake.

Mwanamke ana nyuzi mbili zinazoitwa X. Mwanaume ana X moja na Y moja. Uzi huo wa Y ni mfupi. Mwanamke mmoja wa Marekani, Nettie Stevens, aliugundua mwaka 1905. Alikuwa akichunguza wadudu wanaokaa katika unga. Aliona kuwa madume wana uzi mmoja mdogo ambao majike hawana. Akafahamu kuwa uzi huo ndio unaohusika na kuzaliwa dume.

MWANDISHI ANAPORUKA NENO

Chembe za damu haziishi milele. Kila siku nyingine hufa na nyingine huzaliwa. Huzaliwa katika uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa. Kila chembe inayogawanyika kuwa mbili lazima kwanza inakili nyuzi zote 46, ili kila mtoto apate nakala kamili.

Wewe uliyepita katika darasa la kisomo unajua kazi ya kunakili. Mwalimu ameandika maneno 46 ubaoni. Siku ya kwanza unanakili yote sawasawa. Lakini kama utanakili maneno hayo hayo kila siku kwa miaka 60, siku moja utachoka. Utaruka neno. Tena huenda likawa neno fupi kuliko mengine. Na jirani yako akinakili kutoka katika daftari lako, naye atalikosa.

Ndivyo inavyotokea katika mwili wa mwanaume. Chembe moja ya uboho hugawanyika vibaya na kupoteza uzi wa Y. Chembe hiyo haifi. Huendelea kuzaa, na watoto wake wote hawana Y. Miaka ikipita, sehemu kubwa ya chembe nyeupe za damu inaweza kuwa haina Y.

Hapa tuondoe wasiwasi. Kupotea kwa Y katika damu hakumwondolei mtu uanaume wake. Si aibu wala si laana. Hakuambukizwi. Na baba hawarithishi watoto wake mabadiliko haya, kwa sababu yametokea katika damu yake wakati wa uzee, si katika mbegu zake za uzazi.

WATAALAMU WAMEONA NINI?

Kwa muda mrefu madaktari walijua kuwa baadhi ya wazee hupoteza Y katika damu. Walidhani ni jambo la uzee tu, kama mvi. Hawakuona kuwa lina madhara.

Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Uppsala, nchini Uswidi, walitoa habari nyingine. Miongoni mwao walikuwa Lars Forsberg na Jan Dumanski. Walikuwa wamepima damu ya wazee wanaume 1,153 na kufuatilia maisha yao kwa miaka mingi. Waliopoteza Y katika chembe nyingi za damu waliishi miaka michache kuliko wenzao. Tofauti ilikuwa kadiri ya miaka mitano na nusu.

Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa zaidi, wa wanaume 205,011 wa Uingereza. Katika kila wanaume 5, mmoja alikuwa na chembe za damu zilizopoteza Y. Kwa waliofikia umri wa miaka 70, walikuwa zaidi ya 40 katika kila 100. Kwa hiyo hili si jambo la watu wachache.

Lakini swali lilibaki. Je, Y inayopotea ndiyo inayoleta madhara, au ni dalili tu ya uzee? Mwaka 2022 Kenneth Walsh wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, na wenzake walitoa jibu. Walichukua uboho wa panya dume, wakaondoa Y katika chembe zake, kisha wakaurudisha katika panya. Panya hao walikufa mapema kuliko wengine. Walipopasuliwa, mioyo yao ilikuwa imejaa makovu na imedhoofika.

KOVU NDANI YA MOYO

Makovu hayo yametoka wapi? Chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Pia ni mafundi. Baadhi yao huingia ndani ya moyo kusafisha na kukarabati. Askari aliyepoteza Y huonekana kuwa fundi mbaya. Huamrisha kovu lijengwe mahali pasipohitaji kovu.

Mkulima aliyejikata kwa panga analijua kovu. Ni gumu. Halinyooki kama ngozi nzima. Kovu ndani ya moyo ni hivyo hivyo. Nyama yenye kovu haibani vizuri, tena haipitishi umeme vizuri. Umeme ukifika kwenye kovu huzuiwa, hugeuka, huzunguka. Madaktari walikuwa wamekwisha kujua siku nyingi kwamba makovu katika vyumba vya juu ndilo shamba ambamo ugonjwa wa mapigo ovyo huota.

Sasa unaona mnyororo wake. Mwanaume anazeeka. Damu yake inapoteza Y. Askari wake wa damu wanajenga makovu. Moyo wenye makovu unashindwa kushika mwendo. Ndiyo maana wataalamu sasa wanafuatilia kwa makini damu ya wazee wanapochunguza magonjwa ya moyo.

SI SABABU PEKE YAKE

Ndugu msomaji, usielewe vibaya. Si kila aliyepoteza Y ataugua moyo. Na si kila mwenye mapigo ovyo amepoteza Y. Wanawake nao hupata ugonjwa huu, na wao hawana Y tangu kuzaliwa.

Sababu nyingine kubwa ni hizi:

1. Shinikizo la damu lililopanda na kukaa miaka bila matibabu.

2. Moyo ulioharibiwa tangu utotoni. Mtoto huanza kwa kuumwa koo, kisha viungo huvimba, na homa hiyo huacha jeraha katika milango ya moyo. Kwa sababu hii hata kijana anaweza kupata mapigo ovyo.

3. Pombe nyingi. Mtu anaweza kulewa leo, na kesho moyo ukaanza kuruka.

4. Kisukari, unene uliozidi, na ugonjwa wa tezi ya shingo.

Huku kwetu, wazee wa Wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro, walipimwa mioyo. Walikuwa wenye miaka 70 na zaidi. Taarifa iliyotolewa mwaka 2012 ilionyesha kuwa wenye ugonjwa huu hawakufika hata mmoja katika kila 100. Idadi hii ni ndogo sana kuliko ya Ulaya. Ni habari njema. Lakini isitulaze usingizi. Ugonjwa huu huweza kuja na kuondoka, kwa hiyo kipimo cha siku moja humkosa mgonjwa. Na yule mmoja anayeupata anahitaji msaada kama mgonjwa wa Ulaya.

TUMBAKU HUPOTEZA Y

Hakuna dawa ya kurudisha Y iliyopotea. Katika zahanati zetu hakuna kipimo cha kuiona. Lakini kuna jambo moja ambalo mwanaume anaweza kulifanya mwenyewe.

Wataalamu wale wa Uppsala waliwachunguza wavutaji wa sigara. Walipochapisha matokeo yao katika majira ya mwaka 2014 kuingia 2015, walisema hivi: wavutaji wamepoteza Y mara mbili hadi nne zaidi kuliko wasiovuta. Anayevuta nyingi hupoteza zaidi. Na waliokuwa wameacha kuvuta, hali yao ilikuwa karibu sawa na ya wale ambao hawajavuta kamwe.

Fikiri juu ya maneno hayo. Mzee mwenye miaka 60 anayesema, "Nimekwisha kuvuta miaka 40, nikiacha sasa itanisaidia nini?" amepewa jibu. Itamsaidia. Uboho wake bado unazaa damu kila siku. Akiondoa moshi, chembe nzima hupata nafasi.

PIMA MAPIGO YAKO

Kipimo hiki kinaweza kufanywa na kila mtu aliyejifunza kuhesabu. Fanya hivi:

1. Keti utulie kwa dakika 5. Usipime baada ya kulima, kubeba mzigo au kupanda baiskeli.

2. Geuza kiganja cha mkono wa kushoto kitazame juu.

3. Weka vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, juu ya kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Usitumie dole gumba kupimia, kwa kuwa lina mapigo yake.

4. Bonyeza kidogo mpaka usikie mshipa unapiga.

5. Tazama saa. Hesabu mapigo kwa dakika moja nzima. Andika namba hiyo katika daftari, pamoja na tarehe.

6. Sikiliza pia mwendo. Je, ni kama mchi unaotwanga, au ni kama matone ya mvua ya rasharasha juu ya bati?

Pigo moja kuruka mara chache hutokea hata kwa watu wazima wa afya. Lakini ukiona mapigo hayana mpango kabisa, au yanazidi 100 au kupungua chini ya 50 hali umetulia, rudia kesho. Yakiwa vile vile, nenda zahanati na daftari lako. Kama pia unahema, kifua kinauma, au umezimia, usingoje kesho. Nenda siku ile ile.

Vijana, wapimeni wazazi wenu. Mzee asiyeona vizuri au asiyejua kusoma saa anahitaji mtoto wake. Mwenye miaka 65 au zaidi apimwe hata kama hajisikii vibaya, kwa sababu wengi wenye ugonjwa huu hawana dalili yoyote.

UKIFIKA KWA MGANGA

Mwambie mganga, "Mapigo yangu hayaendi kwa mwendo mmoja." Maneno hayo yanamtosha kujua pa kuanzia. Atapima shinikizo la damu. Likiwa 140 kwa 90 au zaidi kila linapopimwa, liko juu na linahitaji kushughulikiwa. Kisha anaweza kukupeleka hospitali inayopima umeme wa moyo. Kipimo hicho hakiumi. Hubandikwa nyaya kifuani, na mashine huchora mapigo kwenye karatasi.

Ugonjwa ukithibitika, daktari anaweza kutoa dawa za aina mbili. Moja hupunguza kasi ya moyo. Nyingine huzuia damu isigande. Ya pili hii ndiyo inayokinga kiharusi. Mojawapo huitwa warfarini. Ikitumiwa vizuri, karibu viharusi viwili katika kila vitatu vinavyotokana na ugonjwa huu huzuilika.

Lakini warfarini si dawa ya kununua dukani na kumeza ovyo. Ikizidi, mtu hutoka damu. Ikipungua, haimkingi. Mgonjwa lazima apimwe damu mara kwa mara. Asichanganye na dawa nyingine, za hospitali au za miti shamba, bila kumwambia daktari. Akiona damu katika mkojo au choo cheusi kama lami, aende hospitali mara moja. Wala asijidanganye kuwa aspirini itafanya kazi hiyo. Kwa ugonjwa huu, haitoshi.

DALILI ZA KIHARUSI

Kila nyumba ijue mambo matatu:

USO: Mwambie acheke. Je, mdomo umekwenda upande mmoja?

MKONO: Mwambie ainue mikono yote miwili. Je, mmoja unaanguka?

MANENO: Mwambie ataje jina lake. Je, ulimi ni mzito?

Ukiona hata dalili moja tu, mpeleke hospitali upesi. Usimpe chakula wala maji, maana anaweza kupaliwa. Usingoje hadi asubuhi. Usianze kutafuta aliyemroga. Ubongo unaokosa damu hufa kila dakika inayopita.

Ndugu msomaji, uzee hauzuiliki. Mvi zitakuja, na nyuzi za Y zitapotea kwa baadhi yetu. Lakini shinikizo la damu linatibika, tumbaku inaachika, na donge la damu linazuilika. Leo jioni, kabla ya kula, shika mkono wa baba yako au wa mama yako. Hesabu dakika moja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Moyo una vyumba vingapi? Eleza kwa nini damu huganda vyumba vya juu visipobana.

2. Mwanaume hupotezaje uzi wa Y katika damu yake? Tumia mfano wa kunakili ubaoni.

3. Mzee mmoja anasema amechelewa kuacha sigara. Mtamjibu nini?

4. Kila mmoja apime mapigo ya mwenzake kwa dakika moja na kuyaandika. Nani ana mapigo ya haraka zaidi?

5. Katika kijiji chenu, mgonjwa wa kiharusi akipatikana usiku, atafikishwaje hospitali? Panga mpango huo sasa, kabla hajapatikana.